Silika si Tabia: Tuchunge Matumizi ya Neno Hili

Katika kazi nyingi za wanafunzi wetu, hasa zile za uhakiki wa wahusika, maneno silika, tabia na hulka hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Tunaona kwamba mazoea haya yanaupotosha uhakiki wenyewe.

Maneno yote matatu yana asili ya Kiarabu. Tabia, ambayo huko ilimaanisha maumbile, katika Kiswahili imehamia kwenye mwenendo, jambo linaloweza kufunzwa na kubadilishwa. Ndiyo maana twasema "tabia njema", na wahenga wakanena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hulka inatokana na mzizi wenye maana ya kuumba. Leo wahakiki huitumia kwa jumla ya sifa za mhusika. Silika ndiyo iliyobaki karibu na maana ya kuzaliwa nayo. Wanasarufi wa Kiarabu walilitumia neno hilo hata kwa mtu wa jangwani aliyesema lugha yake sawasawa bila kusomeshwa sarufi.

Tuchukue mfano wa Rongui, kisiwa kidogo karibu na Vamizi, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Kasa hupanda ufukweni humo usiku, huchimba shimo, hutaga, hufukia, kisha hurudi baharini. Mayai yanapoanguliwa, mama hayupo. Hata hivyo, watoto huelekea majini, wakifuata mwanga wa upeo wa bahari. Hakuna aliyewafundisha. Hiyo ni silika. Nayo haina hekima: taa ikiwashwa nchi kavu, watoto hao huweza kuifuata wakapotea.

Sasa tumtazame mvuvi wa pwani hiyohiyo. Anajua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na mahali ulipo mwamba. Mwandishi akisema kwamba "Wamwani wana silika ya bahari", anadhani amewasifu. Kwa hakika amewanyang'anya elimu yao, kwani mvuvi huyo alifundishwa na wazee wake kwa miaka mingi. Aidha, sifa ya namna hiyo ni jirani wa tusi: leo silika ya bahari, kesho silika ya uvivu au ya fujo. Vita vilivyoanza katika mkoa huo Oktoba 2017 vina historia yake. Kuviita silika ya wenyeji ni kufunga mjadala kabla haujaanza.

Hata darasani neno hili laweza kudhuru. Kila mtoto mzima huzaliwa na uwezo wa kupata lugha, na uwezo huo twaweza kuuita silika. Lakini Kimwani chenyewe hupatikana kwa kusikia. Mtoto wa Kimwani akilelewa Maputo miongoni mwa wasemao Kireno, atasema Kireno. Hivyo basi, mwalimu anayesema kuwa mwanafunzi "hana silika ya lugha" amejivua wajibu wa kumfundisha.

Tunapendekeza swali moja kwa walimu wenzetu na wanafunzi: je, kiumbe huyu angefanya hivyo bila kufundishwa wala kumwona mwenzake akifanya? Jibu likiwa ndiyo, tuandike silika. Likiwa siyo, lugha yetu haina uhaba: tabia, mazoea, malezi na ujuzi yapo.