Kijani cha Malakiti kwenye Kioo

Kompyuta nyingi hufika hapa Likasi, nchini Kongo, zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine. Memori ni gigabaiti 2, betri haishiki chaji, na mfumo uliokuja nazo hujikokota dakika kadhaa kabla mtu hajafungua hata barua moja. Kwenye vibanda vya kuchapa na kupiga fotokopi, ambako mteja hungoja amesimama na umeme haukawii kukatika, dakika hizo ni hela. Kwa hiyo namheshimu sana fundi anayejua kuweka Linux, na zaidi yule anayejua kuibadilishia eneokazi.

Eneokazi, yaani madirisha, menyu, aikoni na ule utepe wa chini, katika Linux ni programu za pembeni. Waweza kuongeza nyingine bila kugusa faili hata moja la mwenye mashine, kisha kwenye skrini ya kuingilia ukachagua ya kutumia leo. Eneokazi la GNOME linapendeza, ila kwa mashine kuukuu ni mzigo. Mimi nimesimama na Xfce, aliyoianzisha Olivier Fourdan mwaka 1996, ambayo hadi leo haijaacha wepesi wake.

Kuiweka kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, ni amri moja: apt-get install xfce4. Kinachouma ni mega za intaneti. Fundi mwerevu hapakui mara mbili. Apt-get huacha nakala za vifurushi ndani ya /var/cache/apt/archives, naye huzihamishia kwenye fleshi akaenda nazo kwa mteja anayefuata.

Halafu huja mandhari, yaani sura na rangi za madirisha, na hapa ndipo mkono wa fundi huonekana. Katika Xfce kila kona ya dirisha, kila ukingo na kila kitufe kinaweza kuwa na picha yake ndogo ya XPM, na XPM ni maandishi matupu. Ukiifungua kwa kihariri cha kawaida unakuta mistari ya herufi, kila herufi nukta moja ya rangi, na juu yake imeelezwa herufi ipi ni rangi ipi. Nukta moja imekaa vibaya kwenye kona? Badilisha herufi, hifadhi, ita mandhari upya, tazama tena.

Rangi nazitafuta hapahapa. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikuzwa na shaba, na malakiti, jiwe lenye shaba ndani yake, halina kijani kimoja: mistari iliyokolea hupakana na iliyofifia. Iliyokolea, #0B4F3A, naipa kichwa cha dirisha linalotumika. Iliyofifia naipa yaliyo nyuma. Maandishi yanabaki meupe kwenye ile iliyokolea na meusi kwenye iliyofifia, maana kijani juu ya kijani humchosha anayechapa tangu asubuhi. Mandhari inayomfanya mtu akodoe macho kutafuta kitufe cha kufunga ni kazi mbovu, hata iwe na vivuli vya namna gani. Vivuli vyenyewe navizima: ni kisanduku kimoja tu cha kutoa tiki, na mashine inapumua.

Kwenye utepe naweka LibreOffice, skana, printa na folda ya fleshi, zote kubwa za kuonekana, na menyu kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya barua zinazochapwa. Mipangilio ya utepe na madirisha hukaa ndani ya .config/xfce4. Nikiinakili pamoja na folda ya .themes, hata diski ikifa, sura ileile inarudi kwenye diski mpya siku hiyohiyo.