Kikaratasi Kwenye Faili

Katika riwaya ya Jodi Picoult, Small Great Things (2016), kuna kikaratasi kilichobandikwa kwenye faili la mtoto mchanga: wahudumu weusi wasimguse. Aliyekiweka ni msimamizi wa wodi, kwa sababu wazazi, Wazungu wabaguzi, wameomba hivyo. Muuguzi mweusi katika wodi ile ya wazazi, huko Connecticut, ni mmoja tu, Ruth Jefferson, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Siku moja anaachwa peke yake na mtoto, mtoto anaacha kupumua. Akimgusa anavunja amri, asipomgusa anaonekana muuaji. Anasita. Mtoto anakufa, na anayepandishwa kizimbani ni Ruth.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya mahakama nikiripoti kesi, na sehemu ya mahakama ndiyo iliyonishika. Wakili wake, Kennedy McQuarrie, ni mama wa Kizungu mwenye nia njema kabisa, na ushauri wake ni kwamba suala la rangi lisitajwe mbele ya baraza la wazee. Yaani kitu pekee kinachoeleza kwa nini Ruth alisita ndicho anachotakiwa kukinyamazia! Mashtaka ya uzembe yanauliza mikono ya mtu mmoja ilifanya nini kwa dakika chache. Hospitali iliyoifunga mikono hiyo haishtakiwi kwa jinai.

Ila kuna jambo limenikera. Picoult alilipata wazo kutokana na kisa cha kweli cha Flint, Michigan. Huko baba mmoja alidai muuguzi mweusi asimguse mwanawe, hospitali ikakubali, na muuguzi akaishtaki hospitali. Mwaka 2013 wakamalizana kwa makubaliano. Hakuna mtoto aliyekufa. Angalia mwandishi alivyogeuza: mlalamikaji kawa mshtakiwa, na mwajiri kasogezwa pembeni.

Halafu maiti. Marekani mwaka 2021, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake weusi 69.9 walikufa kwa sababu za uzazi. Kwa wanawake weupe ni 26.6. Watoto wachanga weusi nao hufa zaidi ya mara mbili ya weupe. Katika kitabu chenye kurasa zaidi ya 400 kuhusu ubaguzi hospitalini, kifo tunachoombwa kukililia ni cha mtoto mweupe. Jamani, kichanga hana kosa, nami nililia. Lakini Turk, baba yake, amepewa sura zake mwenyewe asimulie uchungu wake, sawa na Ruth na Kennedy, wakati mama mweusi anayekufa leba hana hata sura moja.

Mwisho sitausimulia. Niseme tu kwamba siri ya ukoo inaibuka kama kwenye tamthilia za jioni, ikamwokoa mwandishi asimalize alichokianza.

Kurasa nzuri kuliko zote hazina mahakama wala hospitali. Ruth anakwenda dukani na Kennedy. Mlangoni mlinzi anaukagua mfuko wa Ruth na risiti yake. Kennedy, aliyenunua duka lilelile, anapita tu, na anakuwa ameshafika nje kabla hajagundua kuwa mwenzake kabaki nyuma.