Pengwini wa Kariakoo: Uhakiki wa Kadi za Mtoto Mchanga

Sisi wahakiki tumezoea kugombania riwaya, tamthiliya na ushairi. Vina na mizani peke yake vimetutoa jasho miaka nenda, miaka rudi. Leo nawaletea kazi ndogo kuliko zote hizo, ambayo hadhira yake haijaweza hata kukaza shingo: kadi za picha nyeusi na nyeupe za mtoto mchanga. Usicheke, ndugu msomaji. Kadi ina fani, ina maudhui, ina hadhira, na inauzwa kwa pesa. Basi ihakikiwe kama kazi nyingine.

Kwa asiyezifahamu, ni vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja na picha yake: mistari minene, miduara, miraba ya drafti, au mnyama aliyechorwa kwa weusi mtupu juu ya weupe. Mzazi anashika kadi mbele ya macho ya mtoto, mtoto anatazama. Wazazi wa mjini wanazidi kuzijua. Zinaonekana kwenye simu, zinaagizwa, zinapelekwa kama zawadi kwa aliyejifungua. Mara nyingi pakiti inakuja na pengwini na panda, maelezo ya Kiingereza, na ahadi kwamba mtoto atakuwa na akili. Hapo pana mambo matatu ya kupima: fani, ahadi na maudhui.

Tuanze na fani. Hapa msanii amefaulu, na tumpe haki yake. Mtoto wa wiki mbili haoni kama wewe na mimi. Anachokipata vizuri zaidi ni kitu kilicho umbali wa sentimeta 20 hadi 30 kutoka machoni pake. Zaidi ya hapo ni ukungu. Zile rangi hafifu tunazoziita za kitoto, waridi ya kupauka juu ya maziwa, kwake ni kama ukuta mtupu. Lakini mstari mweusi mnene kama kidole, juu ya weupe, anauona. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alichapisha matokeo ya jaribio lake kwa watoto wa siku chache tu. Aliwaonyesha vibao mbalimbali akapima jicho linakaa wapi kwa muda mrefu. Vibao vyenye michoro vilivuta macho kuliko vyenye rangi tupu. Miduara ndani ya miduara ilipendwa, na hata kipande cha gazeti kilikuwemo kwenye mashindano! Kilichoongoza kilikuwa mchoro wa sura ya mtu.

Kwa hiyo mchoraji wa kadi anaijua hadhira yake, sifa ambayo waandishi wengi wakubwa hatuna. Anajua pia kwamba mchoro mmoja unatosha. Kadi zilizojazwa vimaua vidogo vidogo zimeshindwa: kwa jicho la wiki mbili vimaua vile vinachanganyikana vikawa kijivu. Mpiga picha wa Marekani, Tana Hoban, alilielewa jambo hili alipotoa mwaka 1993 vitabu viwili vya watoto wachanga, kimoja cheusi juu ya cheupe na cha pili kinyume chake. Humo ndani hamna sentensi hata moja, na bado ni vitabu.

Sasa tuje kwenye ahadi. Hapa ndipo mshikaji anapotuuzia mbuzi kwenye gunia. Fantz alipima mtoto anapenda kutazama nini. Hakupima kama kutazama kunamwongezea akili. Kutoka "anatazama" hadi "atakuwa wa kwanza darasani" ni safari ndefu, na muuzaji ameiruka kwa sentensi moja ya kwenye boksi. Jambo hili lina uzito mjini kwetu. Kijana anayebeba mizigo Kariakoo, mkewe amejifungua juzi, asijione amemnyima mtoto wake akili kwa sababu hana hela ya pakiti. Ile sura iliyoongoza kwenye jaribio anayo. Mkewe anayo. Umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama ni karibu sawa na ule umbali ambao mtoto anaona vizuri. Mwongozo wa malezi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2012 unasema hivyo hivyo: mtazame mtoto machoni, zungumza naye, na wakati wa kunyonyesha ni wakati mzuri. Haudai kadi. Na wale wanaomwekea mtoto video za michoro kwenye simu ili anyamaze, shirika hilo hilo mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuzitupe. Kadi ina faida moja ambayo boksi haliitaji: inampa kazi mtu ambaye hajui aanzie wapi. Baba anarudi usiku, mtoto yuko macho, ameshiba, ametulia. Baba hana titi wala hajui wimbo. Mpe kadi. Aishike kwenye mwanga, maana gizani weusi na weupe ni kitu kimoja. Aisogeze polepole kulia na kushoto, aone macho yakijaribu kufuata. Mtoto akigeuza uso, akipiga miayo, akianza kulia, basi, hadithi imeisha. Na baba atakuwa ameyatazama macho ya mwanawe kwa makini. Akiona weupe katikati ya mboni, au miezi mitatu imepita na mtoto hafuati kitu chochote kwa macho, aende hospitali bila kungoja.

Hapo ndipo tunafika kwenye maudhui, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Watu watasema mtoto mchanga hajali kama ni pengwini au ni pantoni. Kweli kabisa, hajali. Kwake ni mpaka kati ya giza na nuru. Lakini kadi ina hadhira mbili: mtoto anayetazama, na mtu mzima anayesema. Mchoro ni wa jicho la mtoto. Kilichochorwa ni cha mdomo wa mzazi. Sasa mwambie mama wa Mtaa wa Swahili amsimulie mwanawe habari za pengwini. Atasema "huyu ni pengwini," kisha kimya. Mchoree kunguru, yule yule anayeiba samaki pale Feri, utamsikia! Mchoree ngalawa yenye tanga la pembetatu, dafu lililokatwa, au pantoni la Kigamboni likivuka na watu wamejipanga ukingoni. Atasimulia mpaka mtoto alale. Sauti ile mtoto anaifahamu tangu tumboni.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Kitambaa cha kisutu, kanga ya arusi, ni chekundu, cheusi na cheupe, na nyekundu iliyokolea ni kati ya rangi ambazo mtoto huwahi kuziona. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina lililoandikwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa 1887, limekuwa likiuza nguo zinazosemesha watu. Katika zile siku arobaini, mama na mtoto wakiwa ndani, kanga iko begani kwa mama, karibu kabisa na jicho la mtoto, na bibi yuko hapo kuisoma na kuitania. Si kila kanga inafaa. Ya njano juu ya chungwa haina tofauti ya kutosha, na mji uliosongamana utampotea mtoto. Na isitundikwe juu ya mtoto aliyelala, isije ikamwangukia usoni. Lakini muundo wake wa mchoro na maneno pamoja ndio unaokosekana kwenye kadi za madukani.

Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa nchini mwaka 1991 kwa sababu vitabu vya Kiswahili vya watoto vilikuwa haba. Msukumo wake umekuwa kwa mtoto anayejifunza kusoma. Chini ya hapo kuna hadhira nzima ambayo sisi waandishi chipukizi hatujaigusa, na gharama yake ni manila moja, kalamu nene ya wino mweusi na mkasi. Mchoro upande mmoja. Upande wa pili mistari miwili ya Kiswahili ambayo mtu aliyechoka, saa nne usiku, katika chumba cha kupanga, anaweza kuisema bila kuona aibu.

Mistari miwili tu, lakini jaribu kuiandika. Iwe fupi, iwe na mdundo, isimhubirie mtu, na mzazi asiichoke akiirudia mara ya hamsini. Nimejaribu ya kunguru nikachana karatasi tatu. Anayeona ni rahisi alete ya pantoni tuihakiki hapa hapa.