Pointi za Beleshi

Katika ligi nyingi pointi hutafutwa kwa mabao tu. Mathare, Nairobi, zinapatikana mtaroni pia. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987, huzipa timu pointi za msimamo kwa kufanya usafi mtaani. Timu nzima hutoka na reki, mabeleshi na toroli, ikazibua mtaro uliojaa mifuko ya nailoni na matope meusi. Anayelaza damu anaiangusha timu yake jedwalini, na wenzake hawamwachi alale.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Mtoto aliyezoea mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba haombwi ada ambayo mzazi hana. Anaombwa jasho, na jasho analo. Wasichana nao waliingia ligini miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wengi mtaani wakiona soka la kike ni kichekesho. (Waliocheka siku hizi wanashangilia.)

Na wanaodhani huo ni mchezo wa kupitisha muda tu, watazame kumbukumbu: Mathare United, timu iliyozaliwa ndani ya MYSA mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.