Herufi Mbili kwa Kodi ya Mwezi

Shika santuri kwenye mwanga, uangalie pale mitaro inapoishia, kando ya lebo. Ukiona herufi RL zimekwaruzwa, umeokota mali. Ni za Robert Ludwig, fundi aliyechonga toleo la mapema la The Band, albamu ya 1969. Baadaye ilichongwa upya, na wakusanyaji wanalalamika mpaka leo kwamba besi ilipungua.

Nilikaribia kutoa kodi ya nyumba ya mwezi mzima kwa herufi hizo mbili. Kwani nilikuwa nanunua nini? Muziki wenyewe niko nao kwa simu.

Wakanada wanne na Levon Helm wa Arkansas walirekodi sehemu kubwa ya albamu hii katika kijumba cha bwawa la kuogelea, Los Angeles, kwa Sammy Davis Jr. Wakatoka na nyimbo za mashamba na vita vya zamani. "King Harvest" inamhusu mkulima aliyeharibikiwa na mazao, sasa tegemeo lake ni chama cha wafanyakazi. Leo hadithi yake inauzwa kwa bei ambayo yeye hangeiweza.

Hiyo ilinikera, mpaka nikasikiliza RL kwa rafiki. Besi ya Rick Danko ilitembea sakafuni. Kwa nakala yangu, mkulima anaongea akiwa mbali. Hapa alikuwa chumbani nasi.

Sikununua. Nyumba ilishinda. Lakini ukiniambia toleo la kwanza ni majivuno tu, nitakuuliza kama umeskia hiyo besi.