Maximo alikosea kumwacha Kaseja

Kumwacha kipa Juma Kaseja nje ya kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Ivory Coast kwa CHAN ya kwanza, Februari 2009, ulikuwa uamuzi mbovu kuliko wote aliofanya kocha Marcio Maximo hapa nchini. Tulilisema hilo wakati ule kwenye vibanda vya mpira vya Majengo na Pasua, hapa Moshi. Nalirudia kwa sababu wapo makocha ambao hadi leo wanausifu uamuzi ule kama mfano wa msimamo.

Mchezo wa Zambia mnaukumbuka. Tulikuwa tumefungwa 1-0 na Senegal, tukawafunga wenyeji 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa, na sasa tunaongoza 1-0, dakika tisini zimetimia. Ushindi ungetupa pointi sita na kutupeleka nusu fainali. Zambia wakasawazisha katika muda wa nyongeza. Tukaishia na nne. Wao na Senegal wakapita na tano tano.

Kipa aliyekuwa langoni simlaumu. Namlaumu aliyepanga nani awepo langoni dakika kama ile. Timu inapolinda bao moja, kazi kubwa ya golikipa hufanyika kabla shuti halijapigwa. Anautuliza mpira mikononi wenzake wavute pumzi. Anamrudisha beki aliyepanda, anamwonyesha kiungo mtu wa kumkaba, anaamua mapema kama krosi ni yake au ya beki wa kati. Hayo hujengwa na mechi ngumu, na katika kizazi kile hakuna kipa wetu aliyekuwa amepita tanuri kali kuliko Kaseja. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alisimama langoni Cairo wakati Simba ikiwavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa matuta. Kipa wa namna hiyo unamwacha Dar es Salaam?

Sababu iliyotajwa ilikuwa nidhamu. Nidhamu ina adhabu zake: faini, benchi, kukosa mechi ya kirafiki. Ukimwondoa kipa bora kwenye mashindano, umeadhibu wachezaji wote waliokaba kwa dakika tisini. Stars iliyokwenda Lagos kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 ilikuwa na Juma Pondamali na Athumani Mambosasa. Pondamali alikuwa na mbwembwe zake, kila mtu alizijua, na bado alipewa glovu kwa sababu alikuwa anadaka. Wazee wale walijua kutenganisha tabia na kazi ya boksi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Maximo anatoka Brazil, nchi ya Moacir Barbosa. Barbosa alikuwa kipa wa Vasco da Gama waliotwaa ubingwa wa klabu za Amerika Kusini mwaka 1948. Julai 16, 1950, kwenye Kombe la Dunia, pale Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay na ilikuwa mbele 1-0. Dakika ya 66 Ghiggia wa Uruguay alimpita beki Bigode upande wa kulia, akampa Schiaffino, bao. Dakika ya 79 Ghiggia akampita tena Bigode palepale. Barbosa akasogea hatua moja kuifuata krosi, Ghiggia akafunga kwenye posti ya karibu. Kipa yeyote aliyefungwa kwa krosi ileile dakika kumi na tatu kabla angesogea. Bao lilianzia kwa beki aliyeachwa peke yake mara mbili bila kusaidiwa. Lakini lawama yote ikabebwa na Barbosa. Baada ya hapo aliichezea Brazil mechi moja tu, na lawama ikamfuata hadi alipofariki mwaka 2000. Kocha aliyelelewa na soka la nchi ile alipaswa kuwa wa mwisho kulifunga lango la kipa kwa sababu zisizo za uwanjani.

Nakiri Maximo alirudisha watu uwanjani na kuwaamini vijana.

Lakini tazameni yaliyofuata. Machi 2013 Kaseja alikuwa nahodha Stars ilipoipiga Morocco 3-1. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, aliitwa tena: Agosti tukaitoa Kenya Kasarani kwa matuta 4-1, Septemba tukaitoa Burundi kwa matuta 3-0. Mwaka 2009 alikuwa hajatimiza hata miaka 24.

Kosa lile lina mdogo wake hapa kwetu. Kwenye majaribio ya vijana, golikipa anachaguliwa kwa urefu kwanza, mikono baadaye. Kaseja si mrefu. Angefika Uwanja wa Ushirika siku ya majaribio, wapo ambao wangemrudisha nyumbani kabla hajagusa mpira. Mkoa wetu umekuwa na kiu ya Ligi Kuu tangu Polisi Tanzania iliposhuka daraja mwaka 2023, na hatutarudi kwa kupima watu kwa futi.

Kwa makocha wa Kilimanjaro: mpeni kijana mechi, mtazameni anavyopanga mabeki, hesabuni mipira anayotema. Akikosea kambini, mwadhibuni kambini. Siku ya mashindano, anayedaka vizuri ndiye akae langoni.