Wema wa Adili: Hisani au Biashara?

Kila tusomeshapo Adili na Nduguze, hadithi ya marehemu Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, wanafunzi wetu hujibu swali la maadili kwa sentensi moja: mtenda wema hulipwa. Jibu hilo twalipa alama zote. Je, ni haki?

Hawakulizua wao. Adili anamwokoa kiumbe dhaifu aliyekuwa hatarini. Kumbe kiumbe huyo ni Huria, jini mwenye uwezo mkubwa, ambaye anakuja kumwokoa Adili pale nduguze, Hasidi na Mwivu, wanapomtosa baharini. Mtungaji ameihakikisha hesabu ikatimia, na hapo ndipo tunapomlaumu. Msomaji mchanga huondoka na funzo la dukani: toa leo, upokee kesho. Methali yetu haisemi hivyo. Tenda wema, nenda zako. Ni amri mbili zilizofuatana pasi na neno la kuziunganisha. Katikati yake hamna nafasi ya kunyoosha mkono.

Hata hivyo, kitabu ni kikubwa kuliko hesabu yake. Adili alipomwokoa kiumbe yule hakujua ni nani. Tuwatazame na nduguze. Walipopoteza mali yao wakarudi mikono mitupu, aliwagawia yake. Shukrani yao ikawa kumtosa. Walipogeuzwa manyani, naye akaamriwa kuwapiga kila usiku, aliwapiga, kisha akawabembeleza na kuwalisha. Manyani hawakuwa na cha kumlipa, na jambo lenyewe alilifanya kwa siri. Hapo wema umevuliwa faida zote, hata sifa. Una uchungu pia, kwani mkono uliolisha ndio uliopiga, na mtungaji hakulificha hilo. Kwetu sisi hicho ndicho kilele cha hadithi, wala si kuokoka kwa Adili.

Basi, ndugu walimu, hatuna budi kubadili swali. Tusiulize, "Adili alipata nini?" Tuulize, "Angalitenda nini kama Huria asingalikuwa jini?" Mwanafunzi atakayetujibu kwa kutaja usiku wa manyani amekisoma kitabu. Atakayetaja malipo amerudia tu yale tuliyomzoeza; na kosa hilo, kabla ya kuwa lake, lilikuwa letu.